Chumba Kikavu cha Majimoto

Mabweni ya chuo anachosoma binti yangu ni ya mwaka wa kwanza tu. Kuanzia mwaka wa pili kila mwanafunzi anajitafutia pa kulala. Sisi tulihitaji chumba ambacho kodi yake tungeiweza, kilicho karibu kiasi cha kumwezesha kufika darasani bila kutegemea pikipiki kila siku. Tungekikosa, angeahirisha mwaka. Huku kwetu Mwamkulu, Mpanda, nawajua vijana watatu walioahirisha mwaka. Hakuna aliyerudi.

Mwezi wa kumi nilisimamisha kazi, nikaenda naye Majimoto, chuo kilipo. Chumba cha kwanza kilikuwa upande wa Kasansa, rahisi kweli, lakini ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nyumba ya pili hawakutaka kodi kabisa. Mama wa pale alisema binti angekuwa kama mwanawe, angesaidia kidogo tu asubuhi kabla ya kwenda chuo. Binti yangu aliangalia sufuria zilizorundikwa uani, akauliza hiyo kidogo inaanza saa ngapi.

"Saa kumi, mwanangu," mama akacheka. "Ng'ombe hawajui habari za chuo."

Tukaaga.

Siku ya pili tukakipata. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa umri wangu, mkulima wa mpunga, mwenye vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake. Mimi ni fundi mwashi. Shuleni niliishia darasa la saba, ufundi niliusoma mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima, na chumba sikikagui kwa macho tu. Nilipima msingi: umeinuliwa kozi tatu za tofali juu ya ardhi, kwa hiyo mafuriko ya masika hayafiki. Sakafu ni ya saruji laini, haina ufa. Nilibandika kiganja ukutani nikakuta pakavu. Mlango ni wa chuma. Dirisha hakuna, ila matundu mawili juu karibu na paa, yenye wavu mdogo ambao hata panya hapiti. Nilimwambia binti yangu kwamba kukosa dirisha ni kukosa mwizi. Ndani kulikuwa na chaga pana la mbao, limenyanyuliwa sakafuni kama kitanda. Mama mwenye nyumba akasema tulitumie. Tukaweka godoro juu yake, na mimi nikarudi Mpanda nikiwa nimeridhika.

Kila nilichokisifu kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya magunia. Ukavu, chuma, wavu, chaga. Nilikuwa nimempangishia mwanangu ghala katika mwezi ambao maghala yote huwa matupu, kwa sababu mpunga wa msimu uliopita umeshauzwa. Mtu yeyote wa Majimoto angelitambua kutoka barabarani. Mimi nimejenga nyumba miaka ishirini, na sikuwahi kulima mpunga.

Mwezi wa tano mavuno yakaingia. Binti yangu hakuniambia. Baadaye nilielewa kwamba mama alimpa wiki moja ahame, naye akazunguka mji mzima akakuta kila chumba cha bei yetu kimejaa magunia au kinasubiri magunia. Akaomba kona. Mama akamwachia upana wa godoro karibu na mlango. Palepale ndipo alipokuwa akijisomea, mitihani ikiwa imebaki wiki tatu, vumbi la mpunga likimkalia kwenye daftari.

Nilijua kwa simu. Alikuwa anakohoa, na alipotaja maumivu ya kichwa na kutapika nilidhani malaria, nikapanda basi la asubuhi. Alikuwa amekaa nje, amejiegemeza ukutani, uso umempauka. Nilipofungua mlango nilikutana na harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza. Magunia yalikuwa yamefunikwa turubai. Chini ya turubai nilikuta pakiti tupu ya vidonge, nikaisoma yote nikiwa nimesimama. Ilisema hewa ya vidonge hivyo inaua, na kwamba mtu asilale mahali vilipowekwa.

Vilikuwa vimewekwa juzi. Usiku wa kwanza na wa pili harufu ilimkera, akalala mlango ukiwa wazi. Naamini hiyo tu ndiyo sababu nilimkuta hai.

Mama alikuja akijifuta mikono. Nilimwonyesha pakiti.

"Dawa ni ya wadudu, mzee, siyo ya watu," alisema. "Sisi tumekua tunalala na mpunga."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba ni ghala. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mto una maji.

"Hukuuliza. Ulipimapima kuta, nikajua unajua. Mzee, mpunga ndio mwenye nyumba. Mwanao ni mpangaji wake."

Nilimwambia binti afungashe, twende nyumbani. Akakataa. Hakupandisha sauti.

"Baba, nikiondoka sasa sirudi. Na wewe unalijua hilo."

Nililijua. Nilimpeleka zahanati, wakamwangalia, wakasema apumzike mahali penye hewa. Nikazungumza na mama, akakubali binti alale barazani kwake. Nilikata mabanzi na kipande cha turubai, nikaziba upande unaopigwa na upepo. Palikuwa mahali ambapo kuku walikuwa wakilala. Nilikaa siku mbili, nikarudi kazini kwa sababu kazi nyingine sikuwa nayo, na nikamwacha pale kwa muda wote wa mitihani.

Alifaulu masomo yote isipokuwa moja, ambalo alilirudia mwezi wa tisa akitokea barazani humo humo. Kikohozi kilichukua muda kuisha.

Mwaka wa tatu ulipokaribia nilimwambia tutafute mapema. Alienda peke yake, wiki nzima. Kisha akanipigia simu. Chumba cha mama kimeshatolewa magunia, alisema, kimefagiliwa, na mama ameahidi kwamba safari hii vidonge havitawekwa mpaka mitihani iishe. Kingine cha bei yetu hakipo.

Nilimuuliza kama anaiamini ahadi hiyo.

"Siiamini," alisema. "Nimeshaweka godoro."