Kete Iliyopita Makambako

Jumanne, kwenye duka la fotokopi Tegeta, dada mmoja alikuja kuchapisha mchezo wa aina ya ludo aliouchora kutokana na kitabu alichoandika baba yake kuhusu maisha yake mwenyewe. Mzee mwenyewe, karani mstaafu, alikuwa pembeni, kizibo cha soda ndiyo kete yake.

"Tuujaribu kwanza," alisema.

Nami niliyekuwa nikisubiri fotokopi zangu nikachungulia. Njia ilitoka Songea kuja Dar. Pale Makambako palikuwa na kisanduku chekundu: "Basi limeharibika. Unakosa zamu mbili." Mtu yeyote angeomba akiruke. Mzee alikuwa anakiomba. Alihitaji nne tu. Alitikisa dadu huku midomo ikimcheza.

Ikatoka tano. Kizibo kikapita Makambako.

"Hongera baba, umevuka salama!"

Mzee hakucheka. "Mama yako nilikutana naye usiku ule basi lilipoharibika. Sasa wewe umetokea wapi?"

Dada akamrudishia dadu. "Basi rudia, baba."

"Hairuhusiwi. Sheria umeiandika mwenyewe."

Dada akachukua kalamu, akaikata sheria yake. Mzee akarudisha kizibo nyuma, akarusha. Mbili. Akarusha tena. Sita. Mie fotokopi zangu nilishazisahau, naomba nne na wenzangu. Ilipotoka, mwenye duka ndiye aliyeguna "Alhamdulillahi."

Nami mke wangu nilimpata kwa kukosea foleni, kwenye dirisha ambalo halikuwa langu. Jumanne ile jioni, nilipofika nyumbani, nilimsalimia mara mbili. Akaniuliza nimefanya kosa gani.