Dhiil Isiyofukizwa

Habari za kifo cha Nafiso zilifika kidato cha nne maji yakiwa bado yanadondoka sakafuni. Mwalimu Kulow wa Sanaa alikuwa amemimina jagi zima ndani ya dhiil ya Madina, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kisha akakiinua juu ili wote waone kinavyovuja.

"Madina, hii ni dhiil au chujio la chai?"

Darasa zima likacheka. Ndipo karani wa shule akachungulia mlangoni. Alisema lori kutoka Modogashe limepinduka kwenye korongo, na mama mmoja aliyekaa juu ya mizigo amefariki. Mama huyo alikuwa Nafiso, shangazi yake Madina. Alikuwa akija shuleni hapo.

Nafiso hakuwahi kukalia dawati. Kwa miaka thelathini aliwasukia maharusi wa Modogashe vyombo vyao, na kwa kuwa Mungu hakumjalia mtoto, Madina, binti wa kaka yake, ndiye aliyekuwa mwanawe. Madina alitaka kuwa mwalimu. Bila alama za mradi wa Sanaa, chuo asingekiona.

"Eddo, nisaidie kidogo tu," alimwomba shangazi yake likizo ya Aprili, mwaka 1995.

"Sigusi hata uzi mmoja. Nitakaa hapa nikutukane."

Na kweli alimtukana. Kila mstari uliolegea aliufumua kwa kisu. Mara tatu Madina alianza upya, vidole vikitoka damu.

"Anza wenzako wakiwa bado wanacheza," Nafiso alimwambia. "Hilo daftari lako la mradi liandike kila siku, hata siku uliyoharibu. Mwalimu akikuuliza, mweleze ulivyofanya, usimweleze ulivyochoka."

Agosti dhiil ilikamilika. Ilibaki kupakwa mafuta na kufukizwa kwa vijinga vya moto, ili mizizi ifungane. Madina akakataa.

"Mwalimu ametuandikia, usafi una alama kumi. Moshi utaitia weusi."

"Bila moshi hiki ni kikapu, mjinga wewe."

"Wasahihishaji hawanywi maziwa, eddo."

Nafiso akavizima vijinga. Msomi alikuwa Madina, si yeye.

Oktoba Mwalimu Kulow, mzaliwa wa mtaa wa Iftin mjini, aliyelelewa kwa maziwa ya pakiti, aliigeuzageuza ile kazi, safi kama sahani mpya. Daftari hakulifungua.

"Umeinunua sokoni. Mlete huyo shangazi unayedai alikufundisha, aseme mbele yangu, la sivyo naandika sifuri. Mwisho Alhamisi."

Madina alituma ujumbe kwa dereva wa lori la mbuzi. Nafiso alipoupata hakungoja gari la abiria. Alipanda lori la kwanza lililopita.

Alhamisi, ilipofika saa nne, Kulow alichoka kungoja. "Kama shahidi haji, tuiulize dhiil yenyewe," akasema, akachukua jagi.

Sasa karani alikuwa ameshasema yake. Kulow akajifuta mikono kwa leso.

"Inna lillahi. Basi shahidi hatuna."

"Mwalimu, haikufukizwa," Madina alisema. "Ndiyo maana inavuja."

"Ungeifukiza."

Akaandika sifuri, akapuliza wino ukauke, kisha akampa ruhusa ya kwenda msibani.

Jioni hiyo huko Modogashe, Madina na jirani yao Zeinab walimwosha Nafiso. Walianza upande wa kulia. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili, wakaunyoosha polepole. Damu ya sikioni haikukatika, wakaizuia kwa pamba. Madina alimsuka nywele mikia mitatu, wakamvika sanda ya vipande vitano. Alitaka kumwomba radhi kwa ule moshi alioukataa, lakini machozi yalimtangulia; Zeinab alimwambia asilie juu ya maiti, akafunga ncha za sanda.

Wanaume walimswalia baada ya magharibi, wakambeba. Wanawake walibaki mlangoni hadi jeneza lilipopita maduka ya mwisho. Baadaye wanaume walirudi na vumbi mikononi, wakasema wamemaliza.