Debe Nililolihurumia

Bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa, nilikuwa kibarua kwenye nyumba ya mashine za umeme. Nilikuwa na darasa la nne na ndoto za kuwatosha watu kumi. Nikiitazama transfoma, lile sanduku la chuma linalovuma kutwa, nilijiona fundi mkubwa, penseli sikioni.

Fundi wetu alikuwa mtu wa Tanga. Siku tulipotoa mafuta ya transfoma iliyoungua, alitugawia glavu akatuonya: haya si ya taa wala ya nywele, yanaharibu ngozi. Yafukiwe shimoni nyuma ya ua pamoja na madebe yake, na kila debe litobolewe kwanza kwa msumari.

"Tutoboe kwa nini, fundi?" nikauliza.

"Kwa sababu nawajua. Debe zima halilali shimoni. Kesho utalikuta kichwani mwa mkeo, lina maji."

"Mke mwenyewe sina!"

"Basi kichwani mwa mama yako."

Tukacheka, tukatoboa. Moja likanishinda. Lilikuwa jipya, linang'aa hata nikayaona meno yangu. Kwetu Naliendele mama alikuwa akiazima debe la jirani, na jirani hakuacha kumkumbusha. Nikalificha, nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikapungua, nikampelekea.

Mama akapiga kigelegele. "Limekuja siku yake! Nitatilia mafuta ya mwali."

Mwali alikuwa mdogo wangu wa kike, amewekwa ndani kwa kungwi wake, akifundwa. Kila siku kungwi alimpaka mafuta ya ufuta, utosini hadi nyayoni, ili siku ya kutolewa ang'ae. Nilifungua mdomo niseme. Mama alikuwa na furaha mno. Nikaufunga. Si nimelisugua, bwana?

Siku ya kutolewa ngoma zikapigwa, khanga ikafunuliwa usoni mwake. Mashavu yalikuwa yamejaa vipele vyeusi, vigumu, hadi nyuma ya masikio. Mpigaji akasahau ngoma yake.

"Kungwi kavunja mwiko," akasema shangazi yangu, wala hakunong'ona. "Ana mwali ndani, naye analala na mumewe."

"Na uzee ule!" akadakia mwingine.

Kungwi akatutazama mmoja mmoja. "Wali wangu wote wametoka salama. Leo nimekosa nini, wanangu?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Niliitazama mikono yake iliyokuwa ikimpaka mdogo wangu: nayo ilikuwa na vipele vilevile.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Siku ya tano nikasikia mama mmoja amemnyima kungwi wetu binti yake, kampeleka kwa kungwi mwingine. Nikachukua nyundo na msumari, nikaenda kwa kungwi wetu, nikamweleza yote.

Akaitazama mikono yake yenye vipele. "Kumbe wewe! Na mume wangu nimemfukuzia shambani kwa maneno haya, maskini, hana hata kosa."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi nimesikia. Jina langu hukulipotezea hapa, mjukuu wangu. Lilipotea kisimani. Nenda ukaliokote kulekule."

Nilipita nyumbani, nikayamwaga mafuta kidogo yaliyobaki katika lile debe, nikalibeba, nikamwambia mama anifuate. Kisimani wanawake walikuwa wamejaa, shangazi yumo. Nikasema kuwa sumu ilitoka kazini kwangu, nimeileta mimi, na kungwi hakuvunja mwiko wowote. Mama akajifunika uso kwa khanga. Nikaweka debe juu ya jiwe, nikapiga msumari.

"We mtoto!" shangazi akaruka. "Debe zima unaliua? Tundu moja tu, nipe mimi nioteshee mchicha!"

Nikapiga la pili. Nikapiga la tatu. Nilipiga mpaka likawa kama chujio la tui, nikatembea nalo hadi shimoni kwa fundi. Vipele vya mdogo wangu vilipungua, lakini alama za mashavuni hazikutoka.