Kigae cha kijani

Bakuli la bibi limenivunjikia nikiosha vyombo, na kipande chake cha kijani kimenirudisha utotoni, kwenye magofu ya Kaole.

Nilikuwa mdogo. Bibi alinichukua kwenda kufukiza ubani kwenye makaburi ambayo watu wa kale waliyapachikia mabakuli ya Kichina. Niliokota kigae kimoja cha kijani kilichobanduka kaburini, nikakificha kwenye kanga nikachezee kupikapika. Njiani bibi akakiona.

"Karudishe, mama. Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani, bibi?"

"Simjui. Hata wajukuu zake hawapo tena, ndiyo maana tunakuja sisi."

Akanishika mkono, tukarudi. Nikakilaza palepale kaburini, nikamtolea salamu mwenyewe.

Vipande vya bakuli la bibi sijavitupa. Nimevifunga kwenye kanga, na ubani wa kwenda nao kaburini kwake ninao.