Mama mkwe alikuja kumchukua mwanangu, vitambaa vya melimeli vikanitetea

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii si chai. Imenitokea mimi mwenyewe hapa Mikumi, na asiyeamini aende Tindiga akamuulize mama mkwe wangu, kama ana kifua cha kumuuliza.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo ubavuni mwa nyumba tunayopanga. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na tuna mtoto mmoja, Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne.

Likizo ya uzazi ikaisha. Dada wa kazi tuliyemtegemea akaghairi siku mbili kabla. Nikamwambia mke wangu, nenda kazini, mtoto atashinda na mimi kibandani. Shule ni dakika kumi, utakuwa unakuja kunyonyesha.

Habari ikafika Tindiga kabla sijamaliza kuisema.

Mama mkwe akaja na basi la asubuhi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni. Nikajua kumekucha.

"Mkwe wangu, mwanaume halei mtoto mchanga," akasema. "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Atakunywa maziwa ya ng'ombe kama wengine walivyokunywa. Mtamuona likizo."

Mke wangu alilia. Nikaomba wiki moja tu.

"Wiki moja. Nikimuona na upele hata mmoja, naondoka naye."

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, kwa hiyo akafikia kwa mpwa wake, nyumba ya tatu. Lakini kila asubuhi kabla sijafungua kibanda anakuwa keshaketi kwenye kigoda, ananiangalia. VAR kabisa.

Sasa nije kwenye vitambaa.

Siku za nyuma mke wangu aliwahi kunionyesha kwenye simu vitambaa vya muslin ambavyo watu wanatumia kwa watoto. Nikavuta picha, nikaangalia ule ufumaji, nikacheka. Si melimeli hii? Ile pamba nyepesi inayopitisha hewa na kunyonya maji! Nikaenda duka la vitambaa kuomba melimeli nyeupe ya kutosha.

Muuza duka akanikatia taratibu, kanikabidhi kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana kaka."

Nikajibu asante. Nilidhani ananihurumia kwa lile jua.

Nikakata vipande vya mraba, nikavifua, nikavianika. Siku ya kwanza ya wiki yangu mama mkwe anafika, anamkuta Zuhura kalala mkekani, katandikiwa nyeupe, kafunikwa nyeupe.

Alipiga ukelele mtaa mzima ukatoka.

"Baba Zuhura! Mwanangu umemvika sanda?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoielewa pole ya dukani. Na mimi ni Mwislamu, nimeshazika sana tu! Ila fundi akiona kitambaa anaona kitambaa, hana habari nyingine.

Nilijua nikibishana nimekwisha. Nikaketi kwenye cherehani, nikatoa nyuzi, nikaanza kupiga pindo za rangi kimoja kimoja, mbele ya macho yake na ya majirani. Pindo la kijani, cha kufuta mdomo na cheuo. La njano, cha kutandika. La bluu, cha kumfunika. Jekundu, cha makalio.

"Mama," nikamwambia, "sanda haipigwi pindo."

Alirudi kwenye kigoda chake na majirani wakatawanyika.

Kuanzia hapo nilivitumia mpaka mwenyewe nikajishangaa. Cha kijani begani, mtoto anacheua, shati la mteja linabaki salama. Cha njano mkekani, akikojoa unavuta kile unatandika kingine, na cha kwanza kinakauka kabla hujamaliza kushona sketi moja ya sare. Taulo lingeshinda kwenye kamba siku nzima. Cha bluu nilikitundika kama pazia, nzi wakabaki nje wanalalamika.

Na kila kilichotoka kambani nilikipiga pasi yangu ya mkaa pande zote mbili, maana wanaojua wanajua, inzi akitagia nguo ya mtoto, funza anaingia kwenye ngozi. Mama mkwe alipoona ile pasi alikohoa kidogo. Sikupewa sifa, ila kukohoa nilikuelewa.

Tatizo lilikuwa aibu. Kumsafisha mtoto makalio mbele ya mama mkwe si mchezo, wakuu. Nilikuwa nampa mgongo. Siku ya pili kwa haraka nikajifuta jasho usoni na cha pindo jekundu. Kilikuwa kisafi, nashukuru Mungu, lakini bi mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu. Ndiyo mara ya kwanza kumuona meno.

Alhamisi akaniletea mtihani wenyewe. Mdogo wake alikuwa anaozesha Kilosa. "Twende wote na mtoto. Kukaa kibandani kila mtu anaweza. Nikuone safarini."

Mke wangu alikuwa anasimamia mitihani. Akakamua maziwa, tukayapanga kwenye kipoozeo chenye barafu. Akanishika mkono akanong'ona, "Usimwache akashuka naye Tindiga njiani."

Kabla ya kufika Kilosa gari likapasuka tairi, na la akiba halina upepo. Konda akapanda bodaboda kutafuta fundi, sisi tukashuka juani. Zuhura tumbo likafunguka hapohapo. Pampasi mbili zikaisha.

Nikakunja cha pindo jekundu pembetatu, nikamfunga nepi. Nikafunga cha bluu kwenye matawi mawili, kikawa kivuli juu yake, uso ukabaki wazi apate hewa. Nikalowesha cha kijani kwa maji ya kunywa, nikamfuta shingo na makwapa. Safari hii sikumpa mtu mgongo.

Nikamkabidhi bibi yake nimimine maziwa. Mtoto akanywa, akacheua juu ya kanga mpya ya shughuli. Mama mkwe akanyoosha mkono bila hata kunitazama.

"Baba Zuhura, kijani."

Nikampa. Pembeni kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake analia kwa joto. Mama mkwe akachomoa kingine cha bluu kwenye begi langu, akampa. "Shika mwanangu. Kashona mkwe wangu huyu."

Aisee, nilitamani lile tairi lisizibwe haraka!

Kilosa tulipofika, shangazi mmoja akamuuliza mbele ya wanawake wote, "Ndiyo unaondoka naye Tindiga?"

Nikamkumbatia Zuhura.

"Niende naye nikamfanye nini?" akasema. "Mtoto ana mama yake, na ana baba anayejua kulea. Upele mmoja sijauona. Nipisheni nile pilau."

Jioni akabaki shughulini, mimi nikapanda gari la kurudi. Simu ilishazima chaji tangu mchana, kwa hiyo mke wangu hakujua lolote. Nikamkuta kasimama stendi, anamkagua kila anayeshuka. Aliponiona na mtoto kifuani alimpokea. Aliketi kwenye benchi la wauza mahindi, akamnyonyesha, machozi yanamtoka. Mimi nikasimama mbele yao kuwakinga na watu.

Nilichojifunza: mkubwa akikutilia shaka usimshinde kwa maneno, mwache akuone unafanya. Na kina baba, kulea hakupunguzi mtu kitu.

Haya, waliowahi kulea wenyewe wanipe mbinu zao, na wanaobisha nao waseme. Naandika haya Zuhura kalala, leo nitasoma comment zote.