Jani la Isale Lililokwenda Kanada

Binti yangu anaishi Kanada, na huko ana duka lisilo na mlango. Sitanii. Duka lenyewe limo kwenye simu. Watu wanatazama picha za aproni za kitenge, wanachagua, yeye ananipigia, mimi hapa Lemara, Arusha, nashona, nafunga, napeleka posta. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kushona najua.

Sasa, kitenge usikishone na wanga wake wa dukani. Mteja akikifua kinajikunyata, aproni ya mama inakuwa ya mtoto. Unakifua kwanza, unakianika. Na mwezi wa saba Arusha mnaujua. Mlima Meru unapotea, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, unasikia mtu anakohoa barabarani kabla hujamwona. Mimi siku hizo nazipenda. Nakaa na cherehani dirishani, naona kama dunia imeishia kwenye uzio, na Kanada iko hapo tu nyuma ya ule weupe, nikiita binti ataitika. Ila nguo hazikauki. Basi vitenge nikavitundika jikoni, juu ya moto wa kuni.

Mteja mmoja, mama wa Kanada, akafungua kifurushi chake, aproni inanuka moshi. Akaandika maneno makali pale pale dukani, kila apitaye anasoma.

Binti akapiga. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti imelegea?"

Akanieleza. Wenye mtandao wamemwonya, lalamiko jingine moja tu wanalifunga duka. Na kazi aliyoiendea huko ilishakwisha, duka hilo ndilo linalomweka mjini.

"Mtumie nyingine, mama. Iliyokauka juani."

"Jua nilitoe wapi?"

"Basi piga pasi, mama! Pasi!"

Nikafua kitenge kingine, nikakikausha kwa pasi mpaka mkono ukauma, nikashona. Halafu nikatoka mpaka uzioni nikakata jani la isale. Sisi tuliotoka Kilimanjaro, ukimkosea mtu huendi na mdomo mtupu. Unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Babu yangu aliletewa na jirani aliyemsogezea mpaka wa shamba. Babu alikuwa mkali, alimpiga mpaka jogoo kwa kuwika vibaya, lakini alilipokea, wakanywa mbege pamoja. Basi nikalifunga fundo, nikalitia kwenye mfuko wa aproni. Posta ikachukua.

Nilipomwambia binti, akashtuka.

"Jani bichi, mama?"

"Sasa isale kavu ni ya nini?"

"Huku majani hayaingii! Wanaogopa wadudu. Wakilikuta watachoma kila kitu, yule mama asipate chochote, na duka ndiyo basi tena."

"Isale yangu haina wadudu."

"Mama!"

Nikaanza kungoja. Nikishona, macho yananitoka kwenye sindano. Nikaliona jani linapita juu ya Meru, juu ya ukungu wote, kule ambako jua lipo kila siku, limelala mfukoni kama mtoto mgongoni. Kuna mchana nilisinzia kwenye cherehani, nikawaona maofisa wa Kanada wamezunguka meza, wamevaa suti kama wazee wetu wa kanisa, wanalitazama lile fundo, hakuna anayethubutu kulifungua. Nilipoamka nilikuwa nimeshona mfuko juu chini.

Asubuhi moja simu ikalia. Binti anacheka, pua imeziba kwa machozi.

"Walilikuta, mama. Wakalichoma. Aproni wakaiacha, wakatia na karatasi ya kusema wametoa jani moja. Yule mama akaniuliza, jani gani hilo? Nikamweleza yote, mpaka na babu."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwambie mama yako nimelipokea. Na yale maneno ameyafuta. Duka lipo, mama."

Mtu amesamehe kwa jani ambalo hakuliona, kwa kusimuliwa tu. Babu asingeweza.

"Lakini majani basi, mama. Umenisikia?"

"Nimesikia. Kwani huko hawana jani lao?"

"Hawana. Mtu akikosea anaandika tu samahani."

"Maskini," nikasema, nikavuta kitenge kingine nikaanza kukata.