Jiko la Nyumba ya Katubuka

Miaka ile wakimbizi walipojaa mkoani kwetu, nilikuwa mchora ramani za nyumba katika ofisi ndogo mjini Kigoma. Vilima vilikuwa vimebaki vipara. Watu wa kambini walikata miti wapate kupika, sisi wenyeji tulikata kuchomea matofali, na kila upande ulimlaumu mwenzake. Shirika moja likatuomba tubuni nyumba ambayo mwalimu au mvuvi wa kawaida angeweza kuijenga, isiyotaka tofali la kuchoma, yenye ubaridi mchana, na jiko lisilokula kuni.

Nikapewa wa kusaidiana naye, mama wa Kirundi aliyefundisha ujenzi kwao kabla ya vita. Alinizidi umri, nikawa namwita dada. Alikuwa akija mjini kwa kibali cha kambi na jioni ilibidi arudi.

Tulielewana karibu kila kitu, ila jiko. Mimi nililichora uani, kibanda cha mafiga matatu kama kwetu Ujiji. Akakifuta.

"Dada, jiko ni jambo dogo," nikamwambia.

"Mdogo wangu alitoka kambini kutafuta kuni. Tulimkuta porini amekufa. Mzigo wake ulikuwa bado umefungwa vizuri." Akachukua penseli. "Tuchore linalotosheka na vijiti viwili."

Sikubishana naye tena. Tukalichora ndani, la udongo, lenye bomba la kutolea moshi.

Nyumba ya mfano tuliijenga Katubuka, mtaa wa hapo mjini. Matofali yake yalikuwa ya udongo na saruji kidogo, yaliyoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini. Paa lilitokeza mbele likazikinga kuta na jua, na madirisha yalielekea upepo wa ziwani. Kiangazi, nje bati likiunguza, ndani ulikuwa kama umeketi karibu na mtungi wa maji. Dada aliegemeza shavu ukutani, akafumba macho.

Siku ya kuionyesha watu walifurika. Mzee mmoja mfanyabiashara kutoka Ujiji alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole.

"Shikamoo mzee. Umeionaje?" nikamuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Kazi nzuri. Lakini mimi nimekulia kwenye nyumba ya udongo. Nikijenga udongo tena uzeeni, si watasema nimefilisika?"

Watu wakacheka. Dada naye akacheka nao. Baadaye nilimkuta jikoni peke yake, akifuta vumbi kwenye jiko ambalo hakuna aliyeuliza linawashwaje.

Hakuna aliyejenga nyumba kama ile. Shirika lilifunga kazi zake, na muda si mrefu ikatangazwa kwamba wakimbizi wanarudishwa kwao. Dada akaja kuniaga pale kwenye nyumba ya mfano.

"Nyumba yenu kule kwenu ipo?" nikamuuliza.

"Nasikia paa halipo. Kuta sijui." Kisha akasema, "Naomba nipike humu mara moja."

Nilikwenda sokoni nikarudi na samaki aina ya migebuka na unga wa muhogo. Alipika taratibu, akichochea vijiti kimoja kimoja, kama mtu aliye kwake. Tulikula tumekaa sakafuni, na katikati ya chakula sote wawili tukaanza kulia. Jiko lile halikuwa na moshi, kwa hiyo hatukuwa na cha kusingizia.

"Urakoze cane," aliniambia mlangoni. Asante sana. Akaenda zake, na hadi leo sijasikia habari zake.

Nyumba ikageuzwa stoo, kisha ikauzwa. Mnunuzi alitaka fremu ya duka upande wa barabara, pale palipokuwa na jiko. Siku ya kubomoa nilisimama ng'ambo nikatazama. Mafundi walidhani ni udongo tu, wangemaliza asubuhi. Hadi alasiri walikuwa bado wanapiga nyundo, na mmoja wao alikuwa akimlaani aliyeijenga.